SSD kwenye sloti ya PCIe ya kompyuta ya zamani: dalili, chanzo na cha kufanya

Kompyuta nyingi za mezani zinazobeba kazi hapa Dar es Salaam ni za mtumba. Kwenye maduka ya fotokopi, ofisi ndogo za uhasibu na maabara za shule utakutana na Dell OptiPlex 790 na 7010, HP Compaq 8200 na 8300, au ThinkCentre za Lenovo za umri huohuo. Ni mashine zilizoingia sokoni miaka ya 2011 hadi 2013 hivi, zikatumika maofisini huko nje, kisha zikashuka bandarini kwetu. Prosesa zake bado zinavuta. Kinachozichosha ni hard disk. Ukiitoa ukaweka SSD (diski ya chipu isiyozunguka) ya SATA, yaani ya soketi na kebo ileile ya hard disk, mashine inachangamka, na kwa watu wengi kazi inaishia hapo.

Wapo ambao haiishii hapo. Mmoja soketi zake za SATA zimejaa. Mwingine ana SSD ya NVMe, aina ya kasi zaidi inayopitia PCIe, aliyoitoa kwenye laptopu iliyokufa, hataki ikae kabatini. Mwingine anahariri video za harusi na anataka mwendo ambao SATA haiwezi kuutoa. Wote hawa wananunua kadi ya adapta Kariakoo, wanaichomeka kwenye sloti ya PCIe (zile za kadi za ziada kwenye mazabodi), na hapo maswali yanaanza: haionekani, haibuti, inaonekana lakini inatambaa, inapotea katikati ya kazi.

Uchunguzi wa tatizo hili uende kutoka chini kwenda juu: kwanza aina ya diski, kisha sloti, kisha BIOS (programu ya mazabodi inayoiwasha mashine), Windows iwe ya mwisho. Wengi wanafanya kinyume. Wanapiga Windows upya, wanatafuta draiva usiku kucha, wakati diski imekaa kwenye sloti isiyoweza kuzungumza nayo kabisa.

Kabla ya kufungua boksi, zima mashine, chomoa waya wa umeme, kisha bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde kadhaa ili chaji iliyobaki kwenye pawasapulai iishe. Gusa chuma cha boksi kabla hujagusa kadi. Na kama kwenye hard disk ya zamani kuna hesabu za ofisi au picha ambazo huna nakala yake, nakili kwanza. Mengine yote yanaweza kusubiri.

Diski haionekani kabisa

Usihukumu kwa kuangalia BIOS peke yake. BIOS ya mashine ya 2012 iliandikwa kabla NVMe haijaenea madukani (toleo la kwanza la NVMe lenyewe lilitoka 2011), kwa hiyo diski inaweza kuwa nzima na bado isitajwe popote kwenye orodha ya BIOS. Washa Windows 10 kutoka kwenye diski ya zamani, fungua Device Manager, angalia sehemu ya Disk drives. Au washa Linux kutoka kwenye flashi na uandike `lspci`. Ikionekana humo, diski ni nzima na sloti ni nzima. Ruka sehemu hii. Isipoonekana hata humo, endelea kusoma.

Chanzo kinachoongoza ni aina ya diski. M.2, yaani kijikadi kirefu chembamba, ni umbo tu. Ndani ya umbo hilohilo kuna SSD zinazozungumza SATA na kuna zinazozungumza NVMe kupitia PCIe, na kwa macho zinafanana kama mapacha. Mazungumzo ya dukani huwa hivi:

“Fundi, ile diski uliyoniuzia mbovu.”

“Mbovu kivipi, bosi?”

“Nimeiweka kwenye adapta, kompyuta haioni kitu.”

“Hebu nione. Hii si ni SATA, kaka? Na adapta yako ni ya NVMe. Hapo hata ukae mpaka kesho.”

Angalia upande wa meno ya dhahabu. SSD yenye pengo moja tu, lililo upande wenye meno machache, karibu kila mara ni NVMe. Yenye mapengo mawili mara nyingi ni SATA, ila zipo NVMe za bei nafuu zenye mapengo mawili pia, kwa hiyo pengo lisiwe ushahidi wako wa mwisho. Soma lebo. Ikiandikwa SATA au 6Gb/s, ni SATA. Ikiandikwa NVMe au PCIe, ndiyo unayoitaka. Lebo ikiwa imefutika, tafuta namba ya modeli mtandaoni kabla hujalipa.

Kuna adapta zenye vitanda viwili vya M.2, kimoja cha NVMe na kingine cha SATA. Hizi zinachanganya kuliko zote. Kitanda cha NVMe kinapitisha data kwenye sloti. Kile cha SATA kinachukua umeme tu kutoka kwenye sloti; data yake lazima ipite kwenye kebo ya SATA unayoivuta kutoka kwenye adapta hadi kwenye mazabodi. Mtu akiweka SSD ya SATA pale bila kebo, taa ya adapta itawaka vizuri na diski haitaonekana kamwe. Na kama ulinunua adapta kwa sababu soketi za SATA zimejaa, kitanda hicho hakikusaidii, maana bado kinadai soketi ileile.

Adapta zenye vitanda viwili vya NVMe nazo zina yake. Ukiona diski moja tu kati ya mbili, adapta haijaharibika. Kadi hizo nyingi hazina chipu ya kugawa njia. Zinategemea mazabodi igawe sloti ya njia 16 (njia ni mkondo mmoja wa data ndani ya sloti) kuwa mafungu ya njia nne nne. Mashine za ofisi za kipindi hicho hazifanyi hivyo, na kwenye BIOS hutapata pa kuwashia. Zipo adapta zenye chipu yake ya kugawa, lakini bei yake itakufanya ujiulize kama kompyuta yenyewe inastahili.

Diski ikiwa ya aina sahihi, hamia kwenye ukaaji wake. SSD ya M.2 inaingizwa ikiwa imeinama kidogo, inasukumwa mpaka meno yapotelee ndani ya soketi, ndipo inalazwa na kufungwa skrubu. Meno yakiwa bado yanaonekana kwa nje, haijaingia. Skrubu hiyo ni ndogo, ya milimita mbili, na ndiyo inayopotea kuliko kitu chochote. Ukiikosa usiiache diski ikiwa imenyanyuka upande mmoja, katafute nyingine kwa mafundi wa laptopu.

Kwenye boksi nyembamba, zile zinazolala chini ya monita, kuna tatizo la bati la nyuma. Adapta huja na bati refu, wakati boksi linataka fupi. Mtu anailazimisha, bati linagota kwenye chuma, na kadi inakaa imeinuka upande mmoja kwa unene wa ukucha. Hiyo inatosha isionekane. Adapta nyingi huja na bati fupi ndani ya pakiti. Libadilishe kwa bisibisi kabla ya kuchomeka.

Mwisho ni sloti yenyewe. Sloti nyeupe ndefu za PCI ya zamani si PCIe, na kadi haitaingia; usijaribu kwa nguvu. Sloti fupi za PCIe zenye njia moja huwa zimezibwa mwishoni, kwa hiyo adapta ya njia nne haikai. Wapo wanaokata ukuta wa sloti kwa kisu cha moto ili kadi ndefu ikae, na kweli inafanya kazi mkono usipoteleza. Mimi sikushauri. Zipo adapta zilizotengenezwa kwa sloti ya njia moja, na ni rahisi kuliko mazabodi.

Ukichomeka kadi, monita inakuwa nyeusi

Hii inatisha, lakini mara nyingi hakuna kilichoungua. Baadhi ya BIOS zikikuta kadi kwenye sloti kubwa ya grafiki hudhani umeweka kadi ya picha, zikazima picha ya mazabodi. Toa adapta, washa, ingia kwenye BIOS, tafuta mpangilio wa kadi ya picha ya kwanza, uweke kwenye ile ya ndani badala ya kuachia mashine ijiamulie. Hifadhi, zima, rudisha adapta. Ikiendelea kukataa, hamisha adapta kwenye sloti nyingine.

Mashine ikitoa mlio wa tahadhari au feni zikazunguka bila kuendelea, toa kadi na ujaribu RAM pia. Ukiwa umeweka mkono ndani ya boksi lililojaa vumbi la miaka, ni rahisi kuisukuma RAM bila kujua.

Device Manager inaiona, lakini haipo kwenye This PC

Diski mpya haijagawanywa. Bonyeza Windows na R pamoja, andika `diskmgmt.msc`, Windows itakuuliza uchague MBR au GPT (mitindo miwili ya kugawa diski). Chagua GPT, tengeneza patisheni, ipe herufi. Dakika moja imeisha.

Kama mashine ina Windows 7, hali ni tofauti: toleo hilo halikuja na draiva ya NVMe. Microsoft ilitoa nyongeza yenye namba KB2990941 kwa ajili hiyo, lakini kuhangaika nayo leo kuna maana pale tu ambapo kuna programu ya ofisi isiyokubali kuhama.

Inaonekana, ila haibuti

Hapa ndipo watu wengi wanapokwama, na ndipo pesa nyingi zinapotea kwa kubadilisha diski nzima.

Kompyuta inapowashwa, Windows bado haipo. Anayekwenda kuitafuta ni BIOS, na BIOS inaweza kusoma diski zile tu ambazo ina draiva zake ndani yake. Mashine zenye chipseti (chipu kuu ya mazabodi) za Intel za mfululizo wa 6 na 7, yaani za prosesa za kizazi cha pili na cha tatu, kwa kawaida hazina draiva ya NVMe. Kuanzia mfululizo wa 9, miaka ya 2014, ndipo uwezo huo ulipoanza kuwa wa kawaida. Ndiyo maana unaona kitu kinachoonekana kama uchawi: Windows iliyowaka kutoka kwenye hard disk inaiona NVMe na kunakili mafaili kwa raha, lakini ukiipiga Windows kwenye NVMe hiyohiyo, ukiwasha upya unaambiwa hakuna diski ya kubuti. Windows ina draiva yake, BIOS haina.

Njia ya kwanza ni kuangalia kama mtengenezaji ametoa BIOS mpya inayoongeza uwezo huo. Kwa baadhi ya mashine ipo, kwa nyingi haipo. Soma maelezo ya toleo kwenye tovuti ya mtengenezaji kabla ya kushusha. Kama hayataji NVMe, usisasishe kwa kubahatisha. Na ukisasisha, fanya mashine ikiwa kwenye UPS yenye betri nzima. Umeme ukikatika BIOS ikiwa inaandikwa, mazabodi inaweza isiwake tena, na Tanesco haitakutumia ujumbe kabla.

Njia ya pili ni kuweka Windows kwenye SSD ndogo ya SATA na kuiacha NVMe ibebe data: video, hifadhidata ya duka, mafaili ya ramani. Kwa kazi nyingi hii ndiyo ninayoipendekeza. Kuwaka kwa Windows hakutofautiani sana kati ya SATA na NVMe kwenye prosesa ya umri huu; tofauti unaiona ukisoma au kuandika mafaili makubwa, na hayo yatakuwa kwenye NVMe. Hakikisha tu SSD ya SATA iko kwenye soketi ya haraka. Kwenye nyingi ya chipseti hizi za Intel, soketi namba 0, na mara nyingi namba 1, ndizo zinazoweza kwenda Gb 6 kwa sekunde. Zinazobaki ni za Gb 3, na SSD hapo haivuki MB 280 hivi kwa sekunde.

Njia ya tatu ni flashi yenye programu ya Clover. Kompyuta inabuti kutoka kwenye flashi, Clover inapakia draiva ya NVMe iitwayo NvmExpressDxe, kisha inaiita Windows iliyo kwenye NVMe. Inafanya kazi vizuri mradi Windows imepigwa kwa mtindo wa UEFI (namna mpya ya BIOS kubuti) kwenye diski ya GPT, na mradi umehamisha faili hilo la draiva hadi kwenye folda ya draiva zinazopakiwa, maana kwenye Clover huwa limewekwa pembeni. Ubaya wake ni kwamba flashi lazima ikae imechomekwa siku zote. Kwenye ofisi yenye watu wengi, kuna siku mtu ataichomoa akapeleke kazi yake kuchapishwa.

Watu hujaribu ujanja mmoja usiofanya kazi: kuweka sehemu ya kubutia ya Windows kwenye hard disk ya SATA, Windows yenyewe ikiwa NVMe. Inasikika ni sawa, lakini kipande hicho cha kubutia bado kinaitegemea BIOS ikisomee diski, na BIOS haiioni. Kwenye Linux ujanja huohuo unafanya kazi. Weka `/boot` kwenye diski ya SATA na mfumo uliobaki kwenye NVMe. Keneli (kiini cha Linux) ikishapakiwa kutoka SATA inakuja na draiva yake yenyewe na haihitaji tena msaada wa BIOS. Anayetumia Ubuntu au Debian asihangaike na Clover.

Kuna pia mafundi wanaoingiza draiva ya NVMe ndani ya faili la BIOS na kuliandika upya kwenye chipu. Inawezekana, na zipo OptiPlex 7010 zinazobuti NVMe kwa njia hiyo. Ila anayekufanyia awe na kifaa cha kuandika chipu moja kwa moja na awe amehifadhi nakala ya BIOS ya mwanzo. Akikwambia hana haja na nakala, chukua mashine yako uondoke.

Na kuna SSD chache sana zilizobeba kibutio chake zenyewe, kama Samsung 950 Pro ya 2015, ambayo ilibuti hata kwenye BIOS za kizamani. Ukiipata ya mtumba yenye afya nzuri, umebahatika.

Imenakiliwa kutoka diski ya zamani, sasa inaleta skrini ya bluu

Ujumbe ni INACCESSIBLE_BOOT_DEVICE. Windows uliyoinakili ilizoea kuwaka kutoka SATA, kwa hiyo draiva ya NVMe haipakiwi mapema vya kutosha. Rudi kwenye diski ya zamani, washa Windows huku NVMe ikiwa imechomekwa, iache iitambue, ndipo unakili upya. Ikishindikana, jaribu kuiwasha nakala mara moja katika Safe Mode, kwa kuwa huko Windows hupakia draiva za msingi zote. Mara nyingi ikishawaka hivyo, inayofuata inawaka kawaida. Baada ya kunakili, usiache diski zote mbili zikiwa ndani wakati wa kuwasha mara ya kwanza. Zinafanana mpaka alama za ndani, na Windows huchanganyikiwa.

Inafanya kazi, lakini mwendo ni wa chini

Boksi la SSD linasema MB 3,500 kwa sekunde, wewe unapata 400. Kabla ya kurudi dukani, hesabu njia za sloti yako.

PCIe ya kizazi cha kwanza inapitisha MB 250 kwa sekunde kwa kila njia, ya pili 500, ya tatu karibu 985. SSD ya NVMe hutumia njia nne. Kwa hiyo kizazi cha tatu chenye njia nne kinafika karibu MB 3,900 kwenye karatasi, cha pili chenye njia nne kinafika 2,000, na utekelezaji wake halisi ni 1,500 hadi 1,700. Kizazi cha pili chenye njia moja kitakupa 400 hivi, yaani chini ya SSD ya SATA iliyo kwenye soketi nzuri.

Urefu wa sloti haukuambii idadi ya njia. Chukua tochi ya simu, inamisha boksi, umulike ndani ya sloti ndefu. Kwenye sloti kamili utaona vijino vya shaba vimepangana pande zote mbili kutoka mwanzo mpaka mwisho. Kwenye sloti ya kudanganya macho, vijino vinaishia njiani, na sehemu yote iliyobaki ni plastiki tupu. Hiyo ni sloti ya njia nne iliyovikwa umbo la kumi na sita. OptiPlex 7010 ya boksi kubwa inazo zote mbili: moja kamili inayotoka kwenye prosesa, na nyingine ya njia nne inayotoka kwenye chipseti kwa kizazi cha pili.

Prosesa nayo ina neno lake. Kwenye 7010 hiyohiyo, sloti kubwa inakwenda kizazi cha tatu kama prosesa ni ya familia ya i5-3470. Ukikuta ndani wameweka i5-2400, jambo la kawaida kwenye mashine zilizokusanywa kutoka vipuri, sloti inashuka kizazi cha pili bila kukwambia.

Ili kujua ulichopata, fungua programu ya CrystalDiskInfo uangalie mstari wa Transfer Mode. Ukisoma “PCIe 2.0 x4 | PCIe 3.0 x4”, upande wa kushoto ni unachokitumia sasa, wa kulia ni uwezo wa diski. Ukiona x1 au x2 upande wa kushoto wakati sloti ina njia nne, toa kadi, safisha meno, rudisha. Kwenye Linux, `sudo lspci -vv` inakuonyesha jambo hilohilo kwenye mstari wa LnkSta. Baadhi ya mazabodi za kununuliwa peke yake huendesha sloti ya pili kwa njia moja hadi ubadilishe kwenye BIOS, kwa sababu njia zilizobaki zinagawiwa sloti ndogo za jirani.

Kama mwendo unaanza vizuri kisha unaanguka katikati ya kunakili faili kubwa, hiyo ni tabia ya SSD za bei nafuu. Zina eneo dogo la kuandikia haraka; likijaa, mwendo halisi unajitokeza. Kuchomeka na kuchomoa hakutabadilisha hilo.

Na kama inaandika vizuri mpaka kiasi fulani, kisha mafaili ya baadaye hayafunguki, shuku ujazo wa uongo. Diski isiyo na jina iliyoandikwa TB 2 kwa bei ya kutupa, ijaze kwa programu ya H2testw, au F3 kwenye Linux, kabla siku za kurudisha hazijaisha. Programu hizo zinaandika diski nzima na kusoma kilichoandikwa, na uongo wote unatoka nje.

Inapotea ikiwa kazini

Mchana wa Januari Dar unajulikana. Chumba kisicho na kiyoyozi kinafika nyuzi 32 au zaidi, na ndani ya boksi ni zaidi ya hapo. Mashine za ofisi zilipangwa feni yake kwa ajili ya prosesa na hard disk. Eneo la sloti halipati upepo wa kueleweka. SSD ya NVMe iliyobanwa chini ya kadi ya picha hapo inachemka. Nyingi hujipunguza mwendo zikikaribia nyuzi 80, nyingine mapema zaidi, na zikizidiwa hukatika kabisa mpaka uzime na kuwasha. Angalia joto kwenye CrystalDiskInfo wakati unanakili faili kubwa. Bandika kipande cha alumini cha kupoozea juu ya diski, hamisha adapta mbali na kadi ya picha, na upulize vumbi lililoziba matundu ya mbele ya boksi.

Kama joto ni la kawaida, fungua mpangilio wa umeme wa Windows, nenda PCI Express, zima Link State Power Management. Mashine za zamani zinapojaribu kuilaza sloti ili kuokoa umeme, diski huweza kushindwa kuamka.

Kwa walio karibu na bahari, Kigamboni, Msasani, Mbezi Beach, upepo wa chumvi unafubaza meno ya kadi. Yatoe, yafute taratibu kwa raba ya penseli, ondoa vumbi la raba, malizia kwa kitambaa chenye spiriti safi na uache ikauke. Pitisha brashi laini kwenye sloti pia.

Umeme ulikatika usiku, asubuhi haibuti

Kabla hujaisikitikia SSD, soma kilichoandikwa kwenye skrini. Kwenye Dell, ujumbe wa “Time-of-day not set” unamaanisha betri ya mazabodi imekwisha. Ni kile kidonge cha CR2032, na kwenye mashine ya umri huu huenda hakijawahi kubadilishwa. Umeme ukiwepo hutagundua, kwa sababu BIOS inakula umeme wa ukutani. Ukikatika tu, mipangilio yote inarudi kama ilivyotoka kiwandani.

Hapo mashine uliyoiweka UEFI inaweza kurudi Legacy (namna ya kizamani ya kubuti), na diski ya GPT haibuti kwa Legacy. Soketi za SATA nazo kwenye Dell nyingi hurudi kwenye RAID On, na Windows iliyopigwa ikiwa AHCI (mpangilio mwingine wa soketi hizo) inaleta skrini ya bluu. Pima betri kwa mita. Ikiwa chini ya volti 2.7, ibadilishe. Kisha rekebisha tarehe, UEFI, AHCI na mpangilio wa kubuti, hifadhi, na uwashe upya bila kugusa kitu kingine chochote.